Ganda na Pumba

Mume wangu anaitwa Jicho, na si mimi niliyempa jina hilo. Alipewa na mafundi wenzake enzi za ujana wake. Ulikuwa ukimpa kipande cha kitambaa, au hata plasta iliyobanduka ukutani, anakitazama mara moja, anakitia mfukoni, anakwenda kuchanganya rangi bila kukitoa tena, na ikishakauka hujui palipoanzia mpya na palipoishia ya zamani. Nilimkuta na jina lake, nikalizoea kama nilivyozoea kukoroma kwake na tabia yake ya kusimulia kisa kimoja mara tatu.

Tunafanya kazi pamoja, huu ni mwaka wa ishirini na moja. Yeye anapiga rola, mimi nakata kona. Kukata kona ni kupita na brashi ndogo pale ukuta unapokutana na dari, kwenye fremu za milango na kuzunguka swichi za taa, mahali ambapo rola haifiki. Watu wakiona mwanamke juu ya ngazi hudhani nimekuja kumletea mume wangu chakula, halafu ngazi ikanishinda kushuka. Nawaacha wadhani hivyo, maana mstari wangu huwa umenyooka kuliko maneno yao.

Kwamba haoni rangi tena, nilijua mwaka jana, kwenye nyumba moja yenye geti jeusi. Alikuwa amesimama mbele ya makopo mawili yaliyofunuliwa, moja lina rangi nyeupe kabisa, moja krimu. Akaweka mkono kwenye lile la krimu, akasema, "Haya, tuanze na dari." Dari ilitakiwa iwe nyeupe. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, anatuangalia. Sikutaka kumwaibisha mume wangu mbele ya mtu. Nikakohoa. Jicho akatulia kidogo, mkono ukahama taratibu hadi kwenye kopo la pili, akachovya rola kama vile hakuna kilichotokea. Na mimi nikapanda ngazi yangu.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo mtindo wetu. Anaweka mkono kwenye kopo. Nikinyamaza, ndilo. Nikikohoa, silo. Hatukuwahi kukaa chini tukakubaliana, wala kulitaja, si kazini wala nyumbani. Watu wakaanza kunipa pole ya kifua. Dada yangu akaniletea asali chupa nzima, nikaipokea kwa unyenyekevu mkubwa, nikaila na mkate.

Nitasema kwa nini nilinyamaza, maana nisiposema hapa sitasema popote. Kwanza niliogopa. Kila nyumba tuliyowahi kuingia tuliitwa kwa jina lake, na fundi rangi asiyeona rangi nani atamwita? Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa najiambia nikiwa nafua maovaroli. Lakini kulikuwa na nyingine chini yake, na hiyo inanitia aibu hadi leo. Nilipenda. Miaka ishirini yeye ndiye aliyekuwa akisema hii imezidi wekundu, hii imepoa, hii bado, na mimi kazi yangu kuitikia. Sasa neno la mwisho lilikuwa langu, japo lilikuwa kikohozi tu.

Ndipo tukaitwa kwa Mkunga.

Mkunga ni mama mmoja mstaafu, anaishi peke yake ghorofa ya pili. Amezalisha nusu ya watu wa mtaa wake, na mtaa mzima unamwogopa. Akikutazama tu unajikuta unaweka kola sawa. Sebule yake ina dirisha kubwa linaloangalia machweo, makochi mawili, rafu ya vitabu na kiti kimoja cha mbao chenye mto, ambacho hakuna anayekikalia ila yeye.

"Nimekaa wodini miaka thelathini na tano," alituambia siku ya kwanza. "Kuta za kule zilikuwa na rangi isiyo na jina. Si njano, si kijivu, si maziwa. Rangi iliyochoka. Sitaki kuiona tena nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe. Nataka kitu chenye joto kidogo, lakini kisinipigie kelele."

Jicho akamtengenezea mbili. Kwenye kitabu cha rangi cha dukani zina namba, na majina ya kifahari ambayo ulimi wa fundi hauyawezi. Yeye anaziita Ganda na Pumba. Ganda ni rangi ya ganda la yai la kahawia lililopauka, na ndani yake mna tone la wekundu. Pumba ni ya pumba za ngano, ina unjano kidogo na ukijivu kwa mbali. Zikiwa mbichi kwenye kopo, hata mimi hutazama mara mbili. Siku hizi anachanganya kwa kuhesabu matone tu, vipimo viko kichwani, na mpaka leo sijawahi kumwona akikosea hesabu.

"Pumba?" Mkunga akauliza. "Nimekuita unipakie rangi, unaniletea pumba?"

"Mama, mimi nyumbani naambiwa kila siku kwamba naongea pumba," Jicho akamjibu. "Nikaona afadhali nizitie kwenye kopo, angalau zilete faida."

Mkunga akacheka, na nadhani yeye mwenyewe alishangaa kucheka. Jicho akapaka viraka viwili ukutani nyuma ya kochi, kimoja kando ya kingine, kila kimoja ukubwa wa sinia. Halafu akampa masharti yake, yale anayompa kila mteja. Usichague leo. Usichague ukiwa umesimama, kwa sababu hutaishi humu ukiwa umesimama. Kaa kwenye kiti chako, tazama asubuhi, tazama mchana, tazama taa ikiwaka. Siku tatu.

Siku ya tatu Mkunga akatuita. "Hii ya kushoto asubuhi inapendeza," akasema, "lakini jua likianza kushuka inakuwa wodi. Kitanda kwa kitanda, naiona kabisa." Ya kushoto ilikuwa Pumba. Akachagua Ganda kwa sebule. Pumba akakubali iende kwenye korido, kwa sababu korido haina dirisha, hakuna jua la kuigeuza, na kule anapita tu. Kwa hiyo tukapandisha ndoo mbili kubwa, zinafanana mifuniko hadi vishikio, na ndani yake rangi mbili ambazo mume wangu hakuweza kuzitofautisha hata kwa dawa.

Siku ya kazi Mkunga aliondoka asubuhi kwenda kwa mdogo wake ili asikae kwenye harufu. Alisema atarudi saa kumi. Mimi nikajimiminia Ganda kwenye kopo langu dogo, nikakata kona za sebule yote: dari, sakafu, madirisha, mlango. Nilipomaliza nikaona kinundu cha plasta karibu na mlango wa korido. Nikapiga magoti, nikachukua msasa, nikaanza kukisugua. Vumbi likaniingia kooni, nikakohoa. Kikohozi halisi, cha mtu aliyemeza vumbi, na machozi juu yake.

Nyuma yangu, Jicho alikuwa ameweka mkono kwenye ndoo. Na ilikuwa ndiyo, ya Ganda; aliposikia kikohozi akahamia ya pili.

Mimi sikuona. Nilikohoa, nikajifuta machozi, nikaenda korido kubandika tepu ya karatasi kwenye fremu. Nilisikia rola ikienda, ile sauti yake ya kunata, na yeye akipiga mluzi. Alimaliza ukuta wa nyuma ya kochi, akamaliza na wa rafu. Nilipopita kwenda kunywa maji nikatupa jicho. Rangi mbichi ni rangi mbichi, sikuona kitu. Tukala. Tukapumzika kidogo kwenye ngazi za jengo, yeye akanisimulia kisa cha fundi aliyejipakia rangi hadi akajifungia kwenye pembe ya chumba, kisa ninachokijua kuliko yeye.

Tuliporudi ilikuwa saa saba na nusu. Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani na kuta zilikuwa zimekauka. Nikasimama mlangoni. Pembeni mwa kila ukuta, juu na chini, kulikuwa na mkanda wa Ganda nilioukata mimi, una ule wekundu wake wa upole. Katikati kote ilikuwa Pumba. Kuta mbili zilikuwa zimetiwa fremu kama picha za ukutani, na picha yenyewe ilikuwa wodi.

Jicho alipita mbele yangu, akasimama katikati ya chumba, mikono mgongoni. "Umeona ilivyotulia?" akasema. "Nilimwambia mama yule, Ganda haina ugomvi na mtu."

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumpiga na kitu chepesi. Badala yake nikafanya kile nilichokizoea. "Imetulia," nikasema. "Tupige mkono wa pili wa rangi sasa hivi, kabla hajarudi."

"Mapema yote hii? Bado haijashika vizuri."

"Jua kali, imekauka. Mimi nimegusa."

Akanigeuzia kichwa, si macho. "Una haraka ya nini?"

"Nataka kuwahi nyumbani."

Nikaivuta ndoo ya Ganda mwenyewe, nikaifunua, nikaijaza trei, nikamwekea miguuni. Ile ya Pumba nikaisukuma hadi korido. Nikahesabu. Kuta mbili, saa mbili na nusu. Tukikimbia tunamaliza, Mkunga anakuta sebule yake, Jicho hajui, mimi nimebaki na siri yangu, na kesho tunaendelea. Ndivyo nilivyopanga. Sikuwaza hata kidogo kwamba nilikuwa napanga kumdanganya mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo.

Akaanza kwenye ukuta wa kochi. Mimi nikawa namfuata nyuma kwa brashi, nikimharakisha kila alipopumzika. "Panda juu kidogo. Hapo pamebaki. Rudia." Jasho lilikuwa linanitoka kama niko kwenye mtihani. Saa nane ikapita. Tulimaliza nusu ya ukuta, na kwa sababu rangi ilikuwa mbichi upande mmoja na kavu upande mwingine, ulikuwa na sura tatu: mkanda wangu, Pumba ya asubuhi, na Ganda ya sasa.

"Unahema," Jicho akasema bila kusimamisha rola. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Endelea."

Saa tisa kasoro, kabla ya muda aliotuambia, tukasikia ufunguo mlangoni.

Mkunga aliingia na mkoba wake mkononi, akasimama pale pale. Hakusalimia. Alitazama ukuta wa rafu, akatazama wa kochi, akatazama kiti chake kilichofunikwa karatasi, kisha akarudi kwenye ukuta.

"Fundi," akasema. "Ukuta huu una rangi ngapi?"

"Moja tu, mama," Jicho akajibu, na sauti yake ilikuwa ya fundi kabisa. "Mkono wa pili ukiwa mbichi huwa unatofautiana na wa kwanza. Ukikauka zinakuwa kitu kimoja."

"Nimekaa siku tatu nikizitazama hizi rangi mbili, kama ulivyoniagiza. Nazijua kama ninavyojua mikono yangu. Ile pale ni wodi." Akaweka mkoba chini. Dirishani yalikuwepo yale makopo mawili madogo ya majaribio, tuliyaacha kwa ajili ya kuzibia mikwaruzo. Akayachukua, akayafunua kwa kijiko, akayaweka juu ya karatasi mbele yake. "Haya. Nionyeshe niliyochagua."

Jicho akachuchumaa. Akanyoosha mkono, ukatulia juu ya kopo la kulia. Lilikuwa Pumba. Akasubiri.

Kikohozi kilikuwa tayari hapa kooni, kimesimama. Nilichotakiwa ni kukiachia tu, kidogo, na mkono ule ungehama, angesema kitu cha kuchekesha kuhusu rangi mbichi, na Mkunga huenda angetuvumilia. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa hatazami makopo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, shingo imekaza, kama mtu anayetega sikio kwenye simu mbovu. Mtu mzima, mvi zimemjaa, amechuchumaa sakafuni mwa watu, anasubiri mke wake akohoe. Nikaona nilichomfanya.

"Haoni, mama," nikasema. "Mume wangu haoni rangi. Mwaka mzima sasa."

"Nyamaza," Jicho akasema.

"Hilo uliloshika ni Pumba."

"Nimesema nyamaza!" Hajawahi kunipigia kelele mbele ya mteja. Akachukua kifuniko, akautafuta mdomo wa kopo kwa vidole, akakibana taratibu, pande zote, kama kwamba kopo ndilo lingevunjika. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona asubuhi ulikohoa?"

"Lilikuwa vumbi."

"Vumbi."

"La msasa. Nilikuwa nasugua kinundu."

Akacheka, cheko fupi lisilo na furaha ndani yake. "Mwaka mzima naendesha kazi kwa kifua chako," akasema, "leo umenitupa kwa sababu ya vumbi."

Mkunga hakutupa pole. Alimshika Jicho mkono, akamnyanyua, akampeleka dirishani kama anavyopelekwa mtoto, akamfungua kope kwa kidole gumba na kummulikia taa ya simu. "Tazama juu. Chini. Huku." Akazima. "Mimi si daktari wa macho, lakini hili linaonekana hata kutoka mlangoni. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Na nyie mmekaa mnafichana kama watu walioiba kuku." Akanigeukia mimi, na nikajikuta naweka kola sawa. "Kuta zangu zitasubiri. Wodi nimeishi nayo miaka thelathini na tano, wiki chache hazitaniua. Kuna mtu kliniki ya macho nilimfundisha kazi, ngoja nimpigie." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tukabaki wawili, na kuta zile.

Jicho alisimama kule kule dirishani, mgongo kwa mwanga. "Tangu lini unajua?"

"Tangu geti jeusi. Ile dari."

"Ndiyo. Pale ndipo ulipokohoa mara ya kwanza." Akajifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa mikavu. "Basi nikasema, vizuri, ameshajua. Leo jioni ataniambia, kesho twende hospitali. Nikasubiri jioni ile. Nikasubiri wiki ile. Kila ukikohoa nasema, leo. Mimi mwenyewe nilishindwa, niliogopa wataniambia haliponi. Nilitaka unilazimishe. Wewe hukusema kitu."

Ningeweza kumwambia niliogopa kukosa kazi. Ingekuwa kweli, na angenielewa. Lakini nilikuwa nimechoka na kweli za nusu nusu.

"Nilipenda," nikamwambia. "Kuulizwa mimi. Kwamba hufanyi kitu mpaka mimi. Nilipenda, ndiyo maana nikakaa kimya."

Chini barabarani kulikuwa na mtu anapiga honi bila sababu. Nilisubiri anitukane, na ningepokea.

"Basi hujui yote," akasema mwishowe.

"Yote yapi?"

"Siyo rangi tu, mke wangu. Nyumbani natembea kwa mazoea, ngazi nahesabu, ukuta nausikia kwa rola. Lakini hapo uliposimama naona nguo. Juu ya nguo sioni kitu. Uso wako sijauona tangu kabla ya mvua."

Miezi yote hiyo nilikuwa namkunjia uso, namtolea macho, natabasamu upande wa pili wa meza, na yote yalikuwa yanaanguka sakafuni. Nikapiga hatua moja kumwelekea.

"Hapa je?"

"Bado."

Nikapiga nyingine. "Hapa?"

"Bado."

Nikasogea tena. Nikaona ule weupe katikati ya macho yake, ambao ningeuona siku yoyote kama ningemkaribia kumtazama na si kumwongoza. "Na hapa?"

"Sogea kidogo."

Nikasogea mpaka ovaroli yake ikagusa gauni langu na rangi ikanishika kifuani. Akainua uso, akanitazama muda mrefu, jicho moja, kisha la pili.

"Hapo," akasema. "Kumbe unalia."